Isimu

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha isimu:
silabi, mofimu, ulimi unapogusa ufizi.
Leo kijana wa Luthuli, nyuma ya kioo chenye chaja na vifuniko,
ananiuliza kama simu yangu inakubali isimu.
Mwanangu, nikamwambia, hata mimi ilinichukua muda kuikubali.
Hakucheka. Hakusoma kwangu.

"Bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli."
Nambari zikajipanga, ndefu kama hotuba ya siku ya zawadi.
"Iko," akasema Mutugi, jina lake liko kwenye beji,
"laini isiyo na kadi. Nafasi yake imo ndani tayari,
inangoja kuambiwa."

Laini. Neno hili nililifundisha kama kivumishi:
kitambaa laini, sauti laini, unga uliosagwa ukawa laini.
Sasa ni nomino, ngeli ya i-zi,
na inauzwa kwa gigabaiti.

Ninakwenda Gdansk. Wakio anajifungua mwisho wa mwezi.

Polandi peke yake: gigabaiti tano, siku thelathini.
Ulaya nzima: kumi, bei mara mbili.
"Mama, unaenda kutembea au kukaa?"
Kukaa. Kubembeleza mtoto. Kuchemsha chupa.
Ipo pia isiyo na kikomo, lakini nimevaa miwani
na mwalimu husoma hadi chini ya ukurasa:
ukipita gigabaiti moja kwa siku, inatambaa.
Kumbe kisicho na kikomo kina kikomo,
ila kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Na Istanbul, saa sita za kungoja ndege ya pili?
Haimo katika Ulaya ya kampuni hii.
Saa sita nitakuwa mtu asiye na habari,
kama mwaka wa sabini na tisa nilipopanda basi kwenda chuoni
na mama akajua nimefika baada ya wiki tatu,
kwa barua.

Basi nipe ya Polandi. Tano zatosha.
"Lakini hii haina nambari ya kupigiwa. Ni data tu."

Na nambari yangu?
Hapo ndipo nilipokuwa nikiogopa kufika.
Nilipokwenda Kigali kwa mazishi ya shemeji nilichomoa laini,
nikaifunga kwenye ncha ya leso,
nikaifua pamoja na leso.
Wiki mbili benki haikunijua.
Chama kilidhani nimetoroka na zamu yangu.

"Hiyo inabaki pale pale. Zima tu data yake
kabla hujapanda ndege, usiiruhusu izurure."
Usiache mbachao kwa msala upitao:
nimeiandika ubaoni mara ngapi,
sikujua itakuja simu
yenye nafasi ya mbachao na msala pamoja.

Usiku, Donholm. Waifai ya jirani Kagendo, kwa hisani yake.
Msimbo umekuja kwa barua pepe, mraba wa madoa meusi
kama daftari la mahudhurio lililomwagiwa wino.
Lakini umekuja kwenye simu ile ile inayotakiwa kuusoma.
Nyani haoni kundule.
Naigeuza, naipapasa, nacheka peke yangu jikoni,
kisha nabisha hodi kwa Kagendo, leso mabegani:
nikutumie huu mraba, ushike simu yako,
yangu iutazame.

Simu ikaitazama simu.
Kijana alinionya: ukishaiweka usiifute, haitarudi.
Kwa hiyo nabonyeza kwa kidole kimoja, polepole,
kama ninayesahihisha mtihani wa mtoto wa jirani.

Kisha likaja swali ambalo Mutugi hakunitajia:
Ipe laini hii jina.
Chini yake majina ya bure. Ya Pili. Kazi. Safari.
Na kule Gdansk hawajachagua lolote;
Wakio anasema asiyezaliwa haitwi.

Kagendo ananitazama, chai yake inapoa.
Nikaandika: Mgeni.
Simu ikauliza kama nina hakika.