Mguu wa R

Usianze na jina. Jina ndilo hudanganya kwanza.
Anza na kutu. Iinamie kwa kioo cha kukuzia
uone kama rangi iliyo ndani ya herufi
ni ndugu wa iliyo nje, au ni mpangaji wa juzi.
Chapa ya kiwanda hushuka kwa pigo moja,
herufi zote wima kama watoto wa kwaya.
Chapa ya mwongo hugongwa moja moja,
na lazima mmoja achungulie nje ya mstari.

Haya nilimweleza Bi Maureen Staniforth
jikoni kwake, Sheffield, Novemba, nje manyunyu,
vifaa vya marehemu mumewe vimetandazwa juu ya gazeti:
randa tatu, keekee, juba,
misumeno ya meno yaliyochoka,
patasi kumi na moja, kila moja na chapa ya THACKWRAY.
Aliniita nimpe bei. Watu huniita kwa hilo.
Nikishaondoka huniita majina mengine.

"Randa hii, mwili wa baba huyu, ulimi wa baba yule.
Skurubu imetoka dukani mwaka jana.
Na mpini huu umepakwa chai."
"Chai?" Akaitazama birika.
"Chai nzito, siki, wiki moja udongoni.
Chuma kijana huzeeka upesi, mama, kikilazimishwa."

Hakujibu. Akainama kwenye droo ya chini kabisa,
akarudi na kopo la biskuti.
Ndani, herufi za chuma, A mpaka Z,
na nyundo ndogo iliyong'aa kwa kushikwashikwa.
"Desmond alisema ni za kuandikia vibati vya mbwa."

Hawakuwahi kufuga mbwa.

Nikaiokota R. Mguu wake wa kulia
umekatika nchani, kama wa mtu aliyejikwaa,
na hapo nami nikajikwaa.
Kwangu, juu ya kitambaa cha kijani, ninayo patasi
niliyoinunua sokoni miaka kumi na tisa nyuma
kwa mtu mwenye kofia ya sufu na mkono mtulivu.
Nimeiandikia kurasa sita.
Nimewainamisha vijana juu yake: tazameni,
mguu mfupi wa R, hiyo ndiyo alama ya Thackwray.
Kwa mguu huo nimezikataa R nzima za watu
nikazirudisha nao mlangoni.
Na ule mstari? Hakuchungulia hata mmoja.
Desmond aligonga moja moja, ila alikuwa na mkono.
Wanasema usiuziwe mbuzi kwenye gunia.
Gunia hili nimelibeba mwenyewe, nikalipigia mnada.

"Na ile?" nikauliza, nipate la kusema.
Dirisha la jikoni lilikuwa limeegemea patasi ya kumi na mbili,
mpini umepasuka, rangi nyeupe imeidondokea.
"Ile alisema haina soko. Kiwanda kilikosea."
Nikaichomoa. Dirisha likashuka kwa kishindo.
Chapa inasema nusu inchi. Rula yangu inasema thumni tano.
Kuna mtu, Jumamosi moja, akili yake uwanjani kwenye mpira,
alinyakua namba isiyo yake, akapiga.
Lakini jina ni pigo moja. Kutu ni moja.
Na R imesimama kwa miguu miwili.

"Hii ni ya kweli," nikasema. "Ni hii tu."
"Basi siiuzi. Dirisha nitalishikiza na nini?"
Akanimiminia chai. Nzito. Nikainywa yote.

Kwenye basi nikaanza kuwahesabu.
Mzee Hargreave wa Rotherham, patasi mbili.
Mapacha wa fundi viti.
Yule binti wa Barnsley, mvulia miwani yake mvua,
aliyeileta patasi ya babu yake ndani ya soksi,
R yake nzima,
nami nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya upole,
kwamba babu alidanganywa.