Lundo la Mwaka Huu

Mwaka huu nimelipunguza lundo la nyasi.
Limeishia begani kwangu, na bega lenyewe
si lile ulilolijua.
Gavrila alisimama kwenye uzio, kofia mkononi,
akalitazama, akanitazama.
"Todosia, hili la ng'ombe au la kuku?"
La ng'ombe, nikamjibu, ila ng'ombe amebaki mmoja,
na huyo mmoja, kama mimi, ana meno ya kuhesabu.

Unakumbuka tulivyosimika mti wa msonobari katikati ya konde
na nyasi zikaupanda hadi ncha ikabaki kidole?
Baba yako chini na uma wake wa meno matatu, akirusha.
Wewe juu, Ilinka, miaka tisa, miguu mitupu,
kazi yako kukanyaga, kuzunguka na kukanyaga,
na kila ukizunguka unapanda
bila kujua kwamba unapanda,
mpaka ikabidi tukuteremshe kwa kamba.
Ulilia. Ulisema umeiona njia yote, bonde zima la Iza,
hadi inapokatika kuelekea mjini.
Nikakukung'uta makapi kwenye nywele.
Sikulitia neno lile maanani.

Sasa uko Bergamo, unamwogesha mama wa watu.
Umenitajia jina lake, Sinyora Ornela,
na kwamba haingii majini asipobembelezwa,
na kwamba usiku wa manane anakuita mama.
Nyuma ya sauti yako nasikia maji ya bomba,
ya moto, yakimwagika tu.
Sina wivu.
Naongopa. Ninao, mdogo, kama changarawe kiatuni:
haimzuii mtu kwenda,
inamhesabia hatua.

Ile mashine uliyoninunulia, nyekundu, iko ghalani.
Haiungurumi mpaka ivutwe kamba,
na mkono wa kuvuta kamba hukuutuma pamoja nayo.
Kuku mweupe ameipenda. Hutagia humo.
Kwa hiyo mayai ninayo, nakushukuru.

Nafyeka kwa fyekeo la baba yako.
Mpini nimeukata shubiri moja,
kisha, baada ya Pasaka, nusu shubiri nyingine.
Sijui ni mimi ninayeurekebisha mpini
au ni ardhi inayonipima taratibu,
ikinivutia kwake kama fundi na kitambaa chake.

Zamani, jioni za kukata nyasi, kijiji kizima kililia chuma:
kila ua nyundo, kila nyundo na makali yake,
usingeweza kumsikia mbwa.
Siku hizi tumebaki nyundo mbili.
Yeye anagonga ng'ambo ya kijito, nami nagonga huku,
hata siku ambazo makali hayajapotea.
Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Imekuwa tu.
Jumanne ya juzi yake ilikawia.
Nilijikuta nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni,
nikiwaza ni nani atakayemwambia mwanawe huko Turini,
na kwa lugha ipi, maana wajukuu hawaijui yetu.
Halafu ikagonga. Mara tatu, ya kivivu.
Nikarudi kukaa. Nikamtukana kidogo.

Mti wa lundo sikuukata.
Unachomoza juu ya nyasi, mtupu,
kimo cha mtoto wa miaka tisa.

Ukipiga simu Jumapili, piga mapema.
Jua likishatua huwa sishiki simu,
nasikiliza.