Chaki Sakafuni

Ghala la asali, nyuma ya stesheni, Tabora.
Saa nne usiku. Kalunde amewasha tochi ya simu
japo umeme upo; amezoea.
Naiuliza seva swali lilelile mara ya saba,
nayo inanijibu kwa adabu ya karani wa zamani:
jedwali hilo halipo.

Halipo vipi? Nimeliumba sasa hivi.
Nimelipa jina, mizani_leo,
nikaligawa safu nne: mrina, kijiji, ndoo, kilo.
Nimelijaza ndoo mia mbili na kumi na moja
za Sikonge, za Ipole, za Uyui,
hata ile ya Mihambo Lubisha
yenye nta nyingi na ubishi mwingi zaidi.
Seva ikasema sawa.
Nikageuka kuomba jumla,
ikanitazama kama mtu isiyemjua.

"Sisi tulikuwa na chaki," anasema Kalunde.
Anamulika sakafu mbele ya mizani,
saruji iliyopauka kwa kufutwafutwa:
kila mpimaji alichora mistari pale alipochuchumaa,
akajumlisha, akahamishia jumla kwenye daftari kubwa.
Akinyanyuka tu, ufagio.
Hakuna aliyelilia chaki.
Kufuli lilikuwa la daftari, si la sakafu.

"Na mkiwa wawili?"
"Kila mtu na kipande chake.
Wote tunaandika Leo, juu kabisa.
Leo ya Nyanzala si Leo yangu."

Kama kiti namba kumi na nne, nikawaza,
behewa la Mwanza na behewa la Mpanda:
usiku mmoja, stesheni moja, namba moja,
na hakuna abiria anayemwamsha mwenzake.

Basi tatizo si chaki.
Tatizo ni kunyanyuka.
Nikaisoma programu yangu kama barua ya mtu mwingine
na humo nikajikuta:
nabisha hodi, naingia, nachora, natoka, nafunga mlango.
Nabisha hodi tena, naingia, nauliza,
mistari yangu iko wapi?
Kila sentensi na mlango wake. Kila swali mgeni mpya.
Nilifundishwa hivyo, usiache mlango wazi,
nami nikadhani ndio ustaarabu wote.

Nikafuta hodi tano, nikabakisha moja.
Ingia. Chuchumaa. Chora.
Jumlisha hapohapo, magoti yakiuma.
Peleka jumla daftarini.
Ndipo unyanyuke.

Kilo elfu tano, mia nne na sita.
Kalunde akalinganisha na kitabu chake,
kidole kikishuka jina kwa jina,
ndoo moja ikapungua.
Ya Mihambo, bila shaka. Tutaisikia kesho.

Treni ya Kigoma ikapiga honi, ikachelewa kuondoka,
ikapiga tena.
Nikafunga programu. Mahali fulani ndani ya seva
ufagio ukapita bila kelele,
na zile ndoo mia mbili na kumi na moja, zilizokuwa zangu
kwa muda wa pumzi moja ndefu,
zikawa hazijawahi kupangwa na mtu.

Kalunde akafunga mlango, akarudi kuvuta kufuli mara ya pili.
Nje, chini ya taa ya stesheni,
nikakitazama kiganja nilichokuwa nimekiegemeza sakafuni:
vumbi jeupe kwenye mikunjo,
sijui la Leo ya nani.