Ukingo wa Fremu

Ilikuja imefungwa kwa shuka la kitanda
kutoka nyumba moja ya Kizingo, vyombo vikiuzwa.
Rangi ya mafuta. Nyuma, kwa wino uliogeuka kutu:
elfu moja, mia saba, sitini na nne.
Mchwa walikuwa wamekula pembe,
nami ni mtu wa fremu; ya picha hayanihusu.

Niliiegemeza ukutani, dukani kwangu Kibokoni.
Shamba la ugenini: ng'ombe watatu wekundu,
anga la rangi ya maziwa yaliyochacha,
mwanamke anakama, shavu ubavuni mwa mnyama,
na bwana mwenye kofia ameegemea ua
kama aliyezaliwa ameegemea.

Asubuhi Mbodze akaleta maziwa kutoka Mwakirunge,
akatua debe, akasimama. Hakusema nzuri.
Alisema: "Kiwele hicho kimecheleweshwa.
Tangu alfajiri hakijaguswa, tazama kilivyovimba.
Walimngoja mchoraji apate mwanga wake,
na ng'ombe anaumwa."
Kisha akainama, pua karibu iguse vanishi:
"Na miguu ya huyu mama? Kaifukia nyasini.
Magaga hakujua kuyachora, ama hakutaka.
Na hori limejaa hadi mdomoni.
Haya maji, Zubeiri, kayaleta nani?"

Sikuwa na jibu.
Nikamlipa nusu, nusu tukaiweka Ijumaa.

Usiku nikang'oa misumari, kumi na tisa,
mmoja mmoja, kama anayemtoa mtoto miba.
Fremu ikaachia.
Na pale ukingoni, upana wa vidole viwili,
mbao ilipofunika miaka yote hiyo,
kijani kilikuwa kibichi kama cha jana,
na juu yake kisigino.
Kisigino kimoja, cheusi kwa tope, kina magaga,
na nusu ya ndoo inayomwagika kidogo,
mtu akitoka kwenye picha
kwenda kuteka tena.

Nilikaa sakafuni, bisibisi mkononi.
Basi mchoraji alimwona.
Aliyemfunika alikuwa fundi, mtu wa kazi yangu,
mwenye randa na haraka.

Fremu mpya nimeichonga kwa mvule,
mdomo wake mwembamba kama ukucha.
Mwenyewe akija atasema nimekosea kipimo,
ukingo umebaki wazi.
Na aseme.

Ijumaa Mbodze aliangalia kwa muda mrefu,
akahamishia debe mkono wa pili.
"Ndoo yake inavuja," akasema.
"Haya, nipe nusu yangu."