Picha ya Kuombea Kazi

Studio yangu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la nyuzi,
hapa Daegu, ngazi zinanuka pamba na mvua.
Mwaka wa ishirini na mbili huu napiga picha za waombaji:
pazia la kijivu, mabega sawa,
midomo imefungwa kama bahasha.

Koti ninalo moja. Tai ninayo moja, ya samawati.
Siku hizi hata siwavishi, navibandika kwa kompyuta
juu ya fulana zao, juu ya jasho lao,
na kijana aliyepanda akiwa mkaanga kuku
anashuka akiwa ofisa.
Naondoa chunusi. Nainua kope. Taya naipunguza,
si sana, kiasi cha punje ya mchele.
Msimu wa ajira ukizitandaza picha mezani
utadhani mama mmoja kazaa watoto mia nne.

Wote, wakiketi kwenye kigoda, husema neno lile lile:
"Nifanye nionekane."
Nami huwafanya wafanane.

Jumanne akaja Tak Sora.
Buti zenye chuma vidoleni, kucha zimekula grisi.
Anaomba kazi kampuni ya lifti, fundi wa kukagua kamba.
"Hii ni mara ya kumi na tisa," alisema,
kama mtu anayetaja namba ya basi.
Alikuwa na kovu, toka nyusi ya kushoto hadi jirani na sikio,
jeupe, limepinda
kama uzi ulioanguka sakafuni kule dukani chini.

Mkono una mazoea yake. Hajamaliza kufunga kifungo
nilikuwa nimeshalifuta.
Akainamia kompyuta. Akatazama, akatazama.
"Huyu nani?"
"Wewe," nikamwambia, "siku yako nzuri."
"Siku yangu nzuri," akasema, "ndiyo hiyo uliyoifuta."

Alikuwa mwanagenzi, miaka ishirini, jengo la kliniki.
Aliona nyuzi za kamba zimeanza kuchanua, akasema.
Nani amsikilize mwanagenzi?
Basi akaleta kigoda, akaketi mlangoni pa lifti
tangu asubuhi, magoti yamezuia njia,
akatukanwa na daktari, akatukanwa na msimamizi,
bibi mmoja mwenye mkongojo akampiga nao begani.
Saa tisa na robo kamba ikakatika.
Ncha yake ikaruka, ikapita usoni pake.
Lifti ikaanguka ghorofa sita,
tupu.

"Mle kwenye fomu," akasema, "hakuna kisanduku cha hilo."

Kulirudisha kovu ni kubonyeza mara moja tu.
Nilibonyeza, na niseme ukweli, niliona haya,
kama mtu anayerudisha pochi aliyoiokota
baada ya kuwa ameshazihesabu noti.
"Bega la kulia je? Limelala."
"Ndilo linalobeba mkoba wa vifaa. Liache lilale."
Koti langu alilikataa. Tai ile hata sikuthubutu kumtajia.

Alilipa, akahesabu chenji yake, akashuka
kwa mshindo wa zile buti.

Sijui kama walimchukua.
Huenda kuna karani mahali fulani, amechoka, chai imepoa,
aliona ule mstari mweupe akaweka karatasi upande wa pili.
Mimi nimewahi kuwa karani wa namna hiyo
katika nyuso za watu mia nne kila msimu.
Wala sijaacha. Jana tu nimeondoa fuko la macho
la baba mwenye miaka hamsini na moja, na akanishukuru.
Ila sasa nauliza kwanza.
Nasema: "Hili nalo? Lina habari yake?"
Wengi hucheka. Wengine hunyamaza kidogo,
vidole vikienda vyenyewe mahali pale.

Nyumbani kwangu lifti inapanda hadi ghorofa ya kumi na nne.
Zamani nikiingia nilikuwa najitazama kwenye kioo chake,
naweka sawa nywele.
Siku hizi nasikiliza kamba.