Mwaka Usio na Mitihani ya Zamani

Sanduku lilikuja Jumanne, limelowa pembe moja,
ndani yake muhtasari wa kurasa mia mbili na kumi
na barua ya wizara iliyoanza kwa neno "furaha".
Nililitia mkasi. Nikanusa wino.
Kabati la nyuma nikalifungua kwa mazoea:
mitihani ya miaka ishirini na mitatu,
imepangwa kwa rangi, imechakaa kwa vidole,
yote, ghafla, karatasi za kuwashia moto.

Huku kwetu kaskazini ya Wales mvua haipigi hodi.
Nyuma ya shule lipo lundo la mawe ya vigae,
taka za machimbo yaliyofungwa kabla sijazaliwa,
na watoto huambiwa: soma, usije ukabaki kulitazama.
Niliposimama mbele yao, kumi na wanne,
nikasema, ninyi ndio kundi la kwanza,
Macsen akainua mkono kabla sijameza mate:
"La kwanza, kama yule anayeonja chakula cha mfalme?"

Sikuwa na jibu. Nikachora jedwali.
Masomo matatu, insha ya utafiti ya maneno elfu tano,
mtihani wa kusema mbele ya jopo.
Chuo kikuu, nikasema, hakitaki kasuku,
kinataka mtu awezaye kukesha na swali
bila kulitwanga likawa unga.
Nilikuwa nasoma ukurasa wa sita. Sikuiamini sauti yangu.

Mama yake Tegwen, anayesafisha zahanati alfajiri,
alikuja jioni ya wazazi, koti bado linanuka dawa.
Hakuketi. "Cheti kile cha zamani," akasema,
"nilijua kunguni wake, ingawa sikukilalia.
Kaka yangu alikipata, akaenda Leeds, hajarudi.
Hiki chenu, mlango gani unakifahamu?"
Nikampa kijitabu. Akakikunja mara mbili,
akakitia mfukoni kama risiti
ya kitu ambacho huenda atakirudisha dukani.

Ifor aliondoka Februari.
Karakana ya mjomba wake ilihitaji mikono, na matairi
hayaulizi mtu ana cheti cha toleo gani.
Aliacha kalamu juu ya dawati. Sijaitumia.

Chuo kimoja kiliandika: "Bado tunatathmini."
Heledd akaniletea simu yake, akanitazama usoni
kama daktari anayengoja mgonjwa ajieleze.
Kisha akarudi kwenye lundo lake.
Ndiyo, lundo. Insha yake ilikuwa yale mawe:
vigingi kumi na viwili vya hema, uzi wa kufumia,
miezi mitano ya kulowa hadi soksi,
akipima kama linatembea.
Linatembea.
Upana wa kidole tangu Novemba, kuelekea kwetu.

"Kwa nini?" jopo likamuuliza mwezi wa Mei.
Akanyamaza hadi nikasikia maji ndani ya bomba la ukutani.
"Sijui," akasema. "Nilidhani ni mvua. Vigingi vinakataa."
Na hakuinamisha macho.
Miaka ishirini na mitatu nimesikia "sijui" za kila namna,
za woga, za uvivu, za njaa;
hiyo ilikuwa ya kwanza iliyosimama wima.

Vyuo? Vingine vilifungua. Vingine vilichungulia tu dirishani.
Tegwen amekwenda. Mama yake alinirudishia kijitabu,
kimekunjuliwa, kimepigwa pasi.

Leo nimeweka kabatini karatasi moja,
mtihani wa kwanza wa zamani wa cheti kipya.
Septemba watauomba, najua, wataukariri hadi koma.
Nimesimama na ufunguo mkononi,
nafikiria kuupoteza.