Waya wa Amalemba

Kijana wa kampuni amekaa ukingoni mwa kochi,
kisanduku cheupe amekipakata kama kuku wa zawadi.
"Namba itabaki ile ile, mama.
Sauti tu ndiyo itakayopita kwenye intaneti."
Jina lake Shitandi. Viatu ameviacha mlangoni
na soksi moja ina tundu penye kidole gumba.
Nimelegea kidogo kwa sababu ya hilo tundu.

Mideva, binti yangu, ameshapiga hesabu
nyuma ya bahasha ya bili:
elfu moja mia sita huku, mia nane kule.
Amepiga mstari chini yake, mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Nami naitazama simu juu ya kitambaa cha kufuma,
nyeusi, nzito, mkono wake ungeweza kumlaza mwizi.
Wezi wenyewe hawaitaki. Wanautaka waya.
Tangu Pasaka wameukata mara mbili
na shaba yangu sijui inachemsha chai ya nani.

Miaka kumi na minane nilikaa kwenye ubao wa simu, posta ya hapa Kakamega,
kamba mkononi, nikiunganisha watu:
Butere na Nairobi,
mke wa mwalimu kule Malava na mume aliyeko Mombasa.
"Zungumza sasa," nilisema, kisha nikajitoa.
Sikujitoa kila mara. Nakiri.
Nilimsikia mtu akiuza ng'ombe asiye wake.
Nilisikia kimya cha dakika tatu,
watu wawili wakipumua tu,
na kimya hicho kikalipiwa bei ya masafa marefu.

"Sasa hiyo sauti," namuuliza Shitandi, "inapita wapi?"
"Inakatwakatwa, mama. Kila kipande kinashika njia yake,
halafu vinakutana mbele."
"Na kimoja kikipotea?"
"Hata hutajua."
Ndilo hasa ninaloliogopa:
kupotelewa, na nisijue.

Saa tisa. Mvua ya Kakamega haichelewi kazini.
Simu inasema *ti*, mara moja, peke yake,
kama inavyofanya kila wingu likitokea upande wa msitu.
Halafu stima inakwenda.
Taa tatu za kijani kwenye kisanduku
zinazimika kwa pamoja, bila kuaga.
Shitandi anakitazama
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Nauinua mkono wa simu ya zamani. Namwekea sikioni.
Uso wake unabadilika. Kumbe hajawahi kuusikia mlio huu.
"Inaimba?"
"Haiimbi. Inangoja."

Ningekuwa nimeshinda, kama si ile radi.
"Weka chini!" nikapiga kelele. "Weka chini upesi!"
Maana ni kwa waya huu huu
radi ilimrusha marehemu Lumwaji hadi kwenye kabati la vyombo,
na sikio lake la kulia halikusikia tena.
Alipenda kuwasimulia wageni:
"Mungu alinipigia, gharama juu yangu.
Nikakataa kulipia."

Tumekaa gizani, sisi watatu, mabati yakitusemea.
Shitandi anasema kwa sauti ndogo kwamba iko betri,
inavumilia saa nne. Elfu tatu.
Nasikia kalamu ya Mideva ikitafuta bahasha.

"Njoo Alhamisi," nikamwambia,
"asubuhi, kabla ya mvua. Na uje na betri.
Lakini waya usiung'oe. Uache ukutani."
"Hautakuwa na kazi, mama."
"Hata mimi sina. Nimeng'olewa?"

Akaondoka na viatu mkononi, kisanduku ndani ya koti.

Usiku, Mideva amelala, nikaunyanyua mkono wa simu.
Mlio upo, na nyuma yake mvua,
ya hapa au ya Lurambi, siwezi kusema.
"Zungumza sasa," nikauambia,
na safari hii nikajitoa kweli.